Dakika Kumi Kabla ya Seti ya Tatu

Burnsville, Minnesota
Jumapili, 12 Mei 2024

Kwa dada yangu Ruqayya,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba karatasi hii ikukute mzima, goti limepoa, na shemeji sukari yake imeshuka, maana mara ya mwisho uliniambia anakula halua kwa siri kama mtoto. Sisi huku miili yetu mizima, alhamdulillahi. Theluji imekwisha, miti imetoa majani, na watu wa huku wametoka nje na kaptura zao kama waliofunguliwa kifungoni. Shemeji yako Abdulhalim kutwa yuko dukani kwake Minneapolis, anauza simu na mafuta ya uturi, na ule mgongo wake haujamwacha. Mimi bado niko uwanja wa ndege, nasukuma viti vya magurudumu. Nimewasukuma wazee wa kila nchi, dada, na wa kwetu sijampata hata mmoja.

Utashangaa kuona barua ya karatasi zama hizi. Nikikutumia sauti kwenye simu, wewe huifungulia spika jikoni, na kabla hujamaliza kukoroga uji habari imeshafika kwa jirani wa ukuta wa pili. Hii nataka uisome peke yako, umejifungia chumbani. Nimempa Timothy, mwenzangu wa kazini, mtu wa Mikindani, anakuja nyumbani kwa arusi ya mdogo wake. Mpe chai na mahamri, na tafadhali usimhoji. Hajui kitu.

Uliniomba mwanetu Fahim azungumze na wanafunzi wako wa madrasa siku ya khitma, kwa video, awasimulie alivyochukua ubingwa wa tenisi huku amefunga. Wiki tatu hizi sikukujibu, na nakujua, umeshaanza kusema kwamba Saada siku hizi anajidai. Wallahi si hivyo. Jibu ninalo, ila nikikupa jibu tupu hutanielewa. Nipe subira nikupitishe njia yote.

Kwanza ujue kuwa Fahim ameacha mashindano ya tenisi. Hakuumia, wala hakufukuzwa. Amemaliza mwaka wa mwisho wa chuo, msimu umekwisha, na raketi zake zote tano kaziweka ndani ya kabati la koti hapa kwetu, nyuma ya makoti ya baridi. Nilipoziona hapo sikuhisi kitu. Nilifunga kabati nikaenda kuchambua mchele. Hivyo ndivyo nilivyo siku hizi, dada, ganzi tupu. Naweza kukwambia kila kitu kilichotokea, kwa siku na saa, lakini machozi hayaji, na nadhani ningelia ningepumzika.

Wewe wamjua Fahim wa picha za vikombe. Hukuwahi kujua mchezo wenyewe ulianzaje. Alikuwa na miaka saba, na karibu na fleti zetu kulikuwa na viwanja vya bustani ya mtaa ambapo mama mmoja wa makamo, Rachelle, alifundisha watoto bure wakati wa kiangazi. Nilimpeleka ili mimi nipate saa moja ya kulala ndani ya gari baada ya shifti. Huo ndio ukweli wake, hapakuwa na ndoto yoyote. Siku ya nne Rachelle akaja kunigongea kioo cha gari. Akaniambia mtoto huyu ana macho na ana miguu, na kwamba atakuwa amemdhulumu akimwacha acheze kiangazi tu.

Basi huku nusu ya mwaka nje hakuchezeki, hucheza ndani ya mabanda makubwa yenye paa na joto. Banda letu lilikuwa Eden Prairie, mji wa watu wenye nafasi zao, na huko huendi bila gari. Nime-drive barabara ile mpaka nikajua kila shimo. Abdulhalim hakuona maana. Alikuwa akisema, mchezo gani huu, unampigia mwenzako mpira kisha unaomba Mungu asiurudishe. Lakini hakukataza. Alichotaka ni sala zisipotee na Qurani isisahaulike, na Fahim hakupoteza wala hakusahau.

Sasa nikwambie habari ya kiti. Akina mama wa kule huja kutazama watoto wao na viti vya kukunja na birika za kahawa. Mwaka wa kwanza mmoja wao aliniuliza, kwa upole kabisa, mimi ni mlezi wa mtoto wa nani. Nikamwambia mimi ni mlezi wa mwanangu. Nilisimama pale kwenye uzio wa waya mwaka mzima, na buibui langu, na hakuna aliyenitazama mara mbili. Fahim alipoanza kushinda, mmoja akanisogezea kiti. Alipofika wa tatu katika orodha ya jimbo kwa umri wake, wakawa wananijua kwa jina, wanalitamka ovyo lakini wanalitamka, na kiti changu kiko katikati. Nilikipenda kile kiti, dada. Nilikipenda kuliko nilivyopaswa.

Na kuna jambo moja la mchezo huu lazima ulijue. Katika mashindano ya watoto, na hata ya vyuo, hakuna refa wa kila uwanja. Kila mtoto huhukumu mwenyewe mistari ya upande wake. Mpira wa mwenzake ukitoka nje, yeye ndiye husema umetoka, na mwenzake hana budi kukubali. Ukitaka kujua mtoto kalelewa vipi, kaa hapo nusu saa tu. Wako watoto wa watu wakubwa wanaiba mipira, mpira mzuri wanasema umetoka, mchana kweupe, na mama zao wanapiga makofi. Fahim hakuwahi kuiba hata mmoja. Hata Rachelle alikuwa akisema hivyo kwa watu.

Mwaka 2017 alikuwa na miaka kumi na mitano, na mashindano makubwa ya kiangazi yakaangukia ndani ya Ramadhani. Usifananishe na saumu ya Mombasa. Huku mwezi wa Juni jua huzama saa tatu usiku, na daku hukatwa saa tisa na nusu. Ni zaidi ya saa kumi na saba. Abdulhalim alimwita akamwambia cheza, lakini saumu usiiguse, ikikushinda acha mchezo uje nyumbani, hapana aibu. Fahim akakubali. Akacheza siku tatu akiwa amefunga, na akashinda siku zote tatu, na Jumamosi akaingia fainali na kijana mmoja wa Woodbury, mrefu, mwenye mkono mzito.

Kilichofuata wewe unakijua kuliko mimi, kwa vile umekisimulia mara nyingi. Joto lilikuwa kali. Fahim alipata seti ya kwanza, akapoteza ya pili, akachukua ya tatu sita kwa nne. Babake alifika kutoka dukani wakati kombe linatolewa. Usiku wa siku ile, baada ya tarawehe, alisimama msikitini akawaambia watu kwamba mwanawe kachukua ubingwa na hajaonja hata tone la maji. Watu wakatoa takbiri. Video ikafika kwako, na wewe ukaipeleka madrasa. Baadaye ukaniambia kwamba watoto waliokuwa wakijificha chooni kunywa maji ya bomba wameacha, wanasema wanataka kuwa kama Fahim wa Amerika. Nilikwambia mashallah. Kumbuka kwamba nilikwambia mashallah.

Kutoka hapo Fahim alibadilika, na sote tukasema amekua. Alianza kufunga Jumatatu na Alhamisi, kila wiki, masika na kipupwe, shuleni na viwanjani. Nikawa nawaambia watu mwanangu kashikwa na dini. Na uwanjani akawa na tabia mpya. Mpira ukitua karibu na mstari, hata kama umetoka kwa vidole viwili, anaupitisha kuwa mzuri. Mwanzoni watu wakamsifu. Halafu ikawa mipira ya vidole vinne, kisha ya kiganja kizima. Alikuwa anawagawia wenzake pointi kama mtu anayetoa sadaka, na alikuwa akishindwa mechi ambazo alikuwa ameshazishinda.

Hata hivyo alipata ufadhili wa masomo katika chuo cha jimbo jirani, kwa jina la vikombe vya zamani. Alikaa huko miaka miwili. Kocha wa huko alinipigia simu mimi, si babake, akaniuliza kwa adabu kama mtoto ana tatizo la macho. Nikampeleka Fahim kupimwa. Daktari akasema macho yale angependa kuwa nayo yeye. Tulirudi nyumbani ndani ya gari, saa nzima, wala sikumuuliza Fahim kwa nini anafanya vile, naye hakunieleza. Mwaka uliofuata wakampa nafasi yake mwingine. Akahamia chuo kidogo hapa Saint Paul, akawa anacheza namba tano kati ya sita katika timu ambayo watu hawajai hata benchi mbili.

Mwaka huu Ramadhani ikaingia Machi, katikati ya msimu. Alifunga kila mechi. Kocha alimwomba, wenzake wakamwomba. Vijana wa Kiislamu wa chuo wakaanza kuja kumtazama kwa sababu walishasikia ile hadithi, wakawa wanakaa wanahesabu gemu na kungojea magharibi. Alikonda mpaka shati likawa linamvuka mabegani. Nilikuwa nampelekea sambusa na uji wa kufuturu, naye anapokea, anasema ahsante kwa Kiingereza, anakula ndani ya gari lake.

Mechi ya mwisho ilikuwa Jumamosi, tarehe ishirini Aprili. Nilikwenda. Sikwenda na kiti, nilikaa kwenye ubao. Seti ya tatu, mwenzake ana pointi ya kumaliza, akapiga mpira wa nguvu ukatoka nje. Mimi niliyekaa mbali niliuona umetoka. Fahim aliutazama pale ulipotua, akainua kiganja kuonyesha kuwa ni mzuri, akaenda wavuni kupeana mkono. Miaka kumi na mitano ikakatika hapo. Kocha wake alitupa kofia chini. Fahim akaiokota akampa.

Siku ya pili yake, Jumapili, alikuja kwetu kula mchana. Nilipika biriani ya mbuzi. Tulikuwa watatu tu, mimi, yeye na babake, na ndipo sauti yako ikaingia kwenye simu yangu. Na mimi tabia yako ninayo, tumezaliwa tumbo moja, nikaifungulia spika mezani. Ukasema salamu zako, ukasema ombi lako la khitma, ukasema watoto arubaini wanamngojea bingwa aliyeshinda na saumu. Abdulhalim akacheka kwa furaha, akamwambia Fahim sasa umekuwa mwalimu wa mamako mkubwa.

Usijilaumu, dada. Hilo lilikuwa litokee, kama si kwa sauti yako basi kwa jambo jingine.

Fahim aliacha tonge sahanini. Wajua kwamba mtoto huyu tangu aanze shule ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Siku ile alisema kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu aliyekuwa amekipanga siku nyingi.

"Baba, siku ile sikumaliza saumu. Nilikunywa maji. Mama ndiye alinipa."

Abdulhalim hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo, akaniuliza kama ni kweli. Na mimi nikasema, "Mimi sikumbuki kitu kama hicho."

Nilisema hivyo huku namwongezea mchuzi. Fahim hakubisha. Alinitazama, akangoja kidogo, labda alifikiri nitaongeza neno. Kisha akaenda kunawa, akasema ahsante kwa chakula, akavaa viatu, akaondoka. Abdulhalim akasema mtoto amechoka, kushindwa kumemvuruga, na uongo wa kumsingizia mama si tabia aliyofunzwa. Nikasema labda. Nikakusanya sahani.

Dada, nilikumbuka. Nakumbuka mpaka rangi ya kifuniko cha chupa, kilikuwa cha buluu.

Kati ya seti ya pili na ya tatu watoto wa umri ule hupewa dakika kumi za mapumziko, watoke uwanjani, wazungumze na mtu wao. Fahim alikuja kwangu nyuma ya vyoo, penye kivuli. Midomo ilikuwa imepasuka na misuli ya mapaja inaruka yenyewe. Akaniambia, "Mama, naacha. Baba alisema niache ikinishinda." Hakuwa analia. Alikuwa ameamua, na alikuwa ameshaanza kuzifunga raketi. Mtoto alikuwa tayari kuliacha kombe kwa ajili ya saumu yake, na kwa neno la babake, na angerudi nyumbani akiwa msafi.

Na mimi nilitazama kule kwenye waya nikaona kile kiti changu katikati ya viti vya wale wanawake. Basi. Hakuna kingine. Ningependa kukwambia kwamba nilimhurumia, na huruma pia ilikuwapo, siikatai. Lakini kilichonisukuma ni kile kiti. Nilikuwa na chupa ya maji ya kutawadhia mkobani. Nikaifungua nikamwambia anywe. Akakataa. Nikamwambia tena. Akasema Baba atajua. Nikamshika kidevu kama nilivyokuwa nikimnywesha dawa alipokuwa mdogo, nikamwambia, "Kunywa. Dhambi yako nimeibeba mimi." Akanywa chupa nzima, ananitazama. Kisha nikamfunga kamba za viatu, nikamrudisha uwanjani.

Wewe mwalimu, wajua kuliko mimi kwamba hapana abebaye dhambi ya mwenziwe. Na wajua pia kwamba mtoto aliyefika hali ile dini imemruhusu kufungua, akalipa siku moja baada ya mwezi, yakaisha. Siku moja, Ruqayya. Lau ningesema kweli jioni ile ile, lingekuwa jambo la siku moja. Babake alipofika akamkumbatia akamuuliza kama amefunga, na kabla mtoto hajafumbua mdomo nikajibu mimi, nikasema kafunga, alhamdulillahi. Usiku msikitini nikanyamaza upande wa wanawake huku wananishika mikono kunipongeza. Na mwaka huu mbele ya sahani ya biriani nikamkana. Zile Jumatatu na Alhamisi zote, miaka saba, alikuwa anailipa siku moja. Nilijua. Nilikuwa nikimpikia futari nikijua, na nikawa nasema mtoto wangu mcha Mungu.

Kwa hivyo jibu la ombi lako ni kwamba hatazungumza na watoto, na ile hadithi usiisimulie tena. Watakaokuuliza kwa nini, waambie utakavyoona inafaa, hata ukinitaja kwa jina sitakuwa na neno.

Wiki mbili na kitu nilikwenda kazini nikarudi. Nilisukuma viti, nikasaini shifti, nikasali, nikapika. Fahim amepanga chumba na rafiki yake huko Woodbury, anafundisha watoto wadogo tenisi. Alikuwa hapokei simu yangu, na babake alikuwa hapigi, anangoja mtoto aje kumwomba mamake msamaha. Kila siku nilimsikia Abdulhalim akimtetea mke wake. Alimwambia hata nduguye kwa simu kwamba Saada amevumilia mengi kwa mtoto yule. Nilikuwa nasikia kutoka jikoni, sihisi kitu, nageuza chapati.

Ijumaa iliyopita Abdulhalim alirudi kutoka msikitini mchana, na kabla hajakaa nikamwambia yote. Nilimwambia nimesimama mlangoni, mikono ina unga. Sikulia na sikuomba radhi, maneno ya radhi hayakuja, yalikuja yale ya kilichotokea tu. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atauliza habari ya maji, au ya msikiti, au aibu atakayopata mbele ya watu. Hakuuliza lolote katika hayo. Aliniuliza, "Ulipomkana, ulikuwa unamtazama machoni?" Nikamwambia ndiyo. Akakaa, akavua kofia, akaiweka juu ya goti. Kisha akasema mpigie sasa hivi, mimi nikiwa hapa.

Nikamwambia hatapokea simu yangu. Akanipa yake.

Fahim alipokea, akasema Baba. Nikamwambia ni mimi. Hakukata. Nikamwambia nimeshamweleza baba yako yote, chupa na mengine yote, na kwamba wewe hukusema uongo, mimi ndiye niliyesema. Nilisikia mipira inagongwa nyuma yake na watoto wanapiga kelele. Nikafikiri sasa atanitukana, na moyoni nikaona afadhali anitukane.

Hakunitukana. Aliniuliza swali moja, kwa Kiswahili. Aliniuliza lau siku ile angeacha mechi, akaja kukaa ndani ya gari na saumu yake, je, ningemkasirikia.

Abdulhalim alikuwa ananitazama. Dada, mama yeyote anajua jibu la swali lile. Lilikuwa hapa mdomoni, tamu, tayari kutoka, na lingemfaa kila mtu pale. Nikamwambia, "Ndiyo, mwanangu. Ningekukasirikia sana."

Nikamsikia akimwambia mtoto mmoja angoje. Kisha akasema, "Haya, Mama. Sasa nakuamini." Akasema watoto wanamngojea, akakata.

Sijui kama huo ni msamaha, na sikumpigia tena kumuuliza. Abdulhalim alichukua simu yake, akaenda kuswali alasiri chumbani. Hajanisemesha tangu hapo ila kwa haja za nyumba, na hajaondoka.

Nisalimie shemeji, na umwambie asile halua. Nisalimie wanao wote, na jirani wa ukuta wa pili, na kila anayeniulizia kwa wema. Nami niombee dua unapowaombea wanafunzi wako, usinipe dua ya peke yangu, nichanganye humo humo na wao. Ukishaisoma barua hii, kama bado unaona mimi ni mdogo wako, nijibu hata kwa mstari mmoja. Kama huoni hivyo, nijibu pia, nijue.

Wasalaam,
nduguyo wa tumbo moja,
Saada